Kufeli: Kitenzi Kilichopanda Madarasa

Matokeo ya darasa la saba yakitangazwa, Zagayu nzima hutumia kitenzi kimoja cha Kiingereza, wakiwemo watu ambao Kiingereza chenyewe hawajawahi kukisema. Bibi anayepepeta choroko uani anauliza, "Kafaulu au kafeli?" Kijana wa bodaboda anamjibu bila hata kuzima pikipiki. Mzee ambaye Kiswahili chake ni cha mnada wa ng'ombe, na mengine yote husema kwa Kisukuma, hulitamka neno hilo vilevile. Hakuna anayehisi kwamba ameazima kitu kwa Mwingereza. Neno limekaa nchini hadi limezaa: kufelisha, kufelishwa, kujifelisha.

Zagayu ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Hadi mwaka 2012 ilihesabiwa Bariadi, na Bariadi yenyewe ilikuwa Shinyanga. Mwaka huo mkoa mpya ulianzishwa, mji wa Bariadi ukawa makao makuu yake, na Itilima ikamegwa kuwa wilaya. Wazee wana ramani ya zamani zaidi ya hiyo: Itilima, Ntuzu na Kanadi zilikuwa nchi za watemi, kila moja na wake, na Mwingereza alizisimamia zote kutoka Maswa. Ni nchi ya pamba, mahindi, mtama, dengu na makundi makubwa ya ng'ombe. Shule ilichelewa kufika huku, na ilipofika ilikuja na chekeche mkononi.

Kwa Waingereza nao, fail ni neno la kuazima. Lilivuka kutoka Ufaransa katika karne ya 13. Kifaransa cha zamani kilikuwa na faillir, nacho kiliirithi kutoka fallere ya Kilatini, yenye maana ya kudanganya, kulaghai, kumwangusha mtu aliyekutegemea. Ndugu zake wa Kiingereza bado wanaonyesha ukoo: false, kilicho cha uongo, fault, kosa, fallacy, hoja yenye udanganyifu. Kwa karne nyingi fail halikuwa na habari na darasa. Mazao ndiyo yaliyo-fail, na chemchemi wakati wa kiangazi, macho ya mzee, ujasiri wa askari, mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa madeni.

Maana ya mwanafunzi kukosa alama ilikomaa karne ya 19, Uingereza ilipoingiwa na homa ya mitihani ya kuandika. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutunga mitihani kwa ajili ya shule zilizo nje ya chuo. Mwaka 1862 serikali ya huko ikatoa kanuni mpya: ruzuku ya shule ya msingi ingetegemea idadi ya watoto wanaofanya vizuri kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Mtoto akikwama, shule ilipungukiwa fedha. Kabla karne haijaisha, karatasi za Cambridge zilikuwa zimeshapanda meli kwenda makoloni. Neno lililokuwa la mazao na madeni likawa la watoto.

Lilipoingia katika Kiswahili cha darasani, lilikuta wageni wengine wameshaketi. Shule ilitoka kwa Wajerumani. Zanzibar, ambako Mjerumani hakutawala, watu walichukua skuli ya Kiingereza na wanayo hadi leo. Darasa, mwalimu na mtihani vilitoka Kiarabu kupitia chuo cha Kurani. Mtihani una uzito ambao neno la Kiingereza halina, kwa kuwa ni jaribu, masaibu, kitu ambacho Mungu humletea mja wake. Mtu aliyefiwa na kuibiwa ng'ombe mwezi mmoja huambiwa kwamba yuko kwenye mtihani. Kufaulu nako, kwa mujibu wa kamusi, kuna asili ya Kiarabu. Waingereza walileta pia kupasi, lakini kupasi hakujafua dafu. Kilichobaki ni jozi ya ajabu kidogo, Mwarabu na Mwingereza waliofungwa pamoja kwa neno "au" moja: kafaulu au kafeli. Huenda sauti ya f inayoanzisha maneno yote mawili ilisaidia yakapendeza mdomoni. Na kisarufi kufeli hakukupata tabu yoyote. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu huishia na a, lakini tayari kulikuwa na safu nzima ya vitenzi vya Kiarabu vinavyoishia na i, kama kusafiri, kubadili na kukiri. Kufeli kukaingia kwenye safu hiyo.

Si kwamba Usukuma ulikuwa haujui kushindana. Tangu karne ya 19 wachezaji ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika kambi mbili kubwa, Wagika na Wagalu, na kila kambi huurudisha ukoo wake kwa mwanzilishi wake, Ngika na Gumha, ambao wote wanakumbukwa kama mabingwa wa ngoma na wa dawa. Msimu wao ni baada ya mavuno, Juni na Julai, ghala likiwa limejaa na kazi ya shamba imepungua. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna meza ya majaji. Watazamaji huamua kwa miguu: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Ndiyo maana manju wa Kisukuma hubuni kila mwaka kitu kipya, vinyago, nyoka, fisi, vituko vya kila namna, na ndiyo maana dawa za mvuto zilikuwa sehemu ya maandalizi kama yalivyokuwa mazoezi.

Aliyeshindwa hapo alimjua aliyemshinda. Alimwona kwa macho yake, alisikia nyimbo za kumkejeli, na aliweza kujipanga upya kwa msimu ujao. Mtihani wa shule haukuwa na mshindani anayeonekana. Karatasi ilitungwa mbali, ikasahihishwa mbali, na jibu likarudi baada ya miezi likiwa jina kwenye orodha au jina lisilokuwepo. Kwa tukio la namna hiyo, kushindwa halikuwa neno linalotosha sawasawa, kwa sababu lilimtaka mshindi. Kufeli hakukutaka mshindi.

Shule ya kwanza ya kimisheni katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu ilikuwa kando ya ziwa, si huku bara. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walijenga kituo Nassa, leo Wilaya ya Busega, mwaka 1888, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission. Wajerumani walikuwa na shule za serikali katika miji mikubwa, za kutoa makarani na maakida. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walianzisha idara ya elimu mwaka 1920, na mwaka 1925 wakafungua Tabora shule ya watoto wa machifu. Huko vijana wa ukoo wa kitemi walifundishwa kutawala kwa niaba ya Mwingereza. Mtoto wa mkulima wa kawaida, akibahatika, alipata shule ya kijiji ya miaka minne.

Baada ya Vita ya Pili ngazi ilipangwa rasmi zaidi. Darasa la kwanza hadi la nne kwa Kiswahili, shule ya kati kuanzia la tano hadi la nane, kisha sekondari kwa wachache mno. Kila sehemu ilipoisha paliwekwa mtihani. Wengi waliishia darasa la nne, na hapo ndipo kitenzi kilipopata makazi yake ya kwanza huku bara. Aliyevuka alienda shule ya kati, mara nyingi ya bweni na mbali na kwao. Aliyevuka la nane alianza kuota Bwiru au Nsumba kule Mwanza, au Tabora. Fedha za pamba, ambazo miaka ya 1950 ziliingia Usukuma kwa wingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo, ziliwapa wazazi uwezo wa karo na kaptula za kaki. Hazikuweza kununua dawati ambalo halikuwepo.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Katika ngazi ile, idadi ya watakaofaulu haikutokana na idadi ya watoto waliojua hesabu. Madawati ya juu yalihesabiwa kwanza, ndipo mstari ukachorwa. Mwaka ambao shule ya kati ilikuwa na nafasi thelathini, mtoto wa thelathini na moja alikuwa amefeli, hata kama alijua kila alichofundishwa. Kwa Kiingereza ingewezekana kabisa kusema kwamba mfumo ndio ulio-fail. Kiswahili kilipokopa neno, kilikopa upande mmoja tu, ule wa mtoto.

Mtu mwenye mamlaka aliyelikamata jambo hili kwa ulimi alikuwa Rais mwenyewe. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Aliandika kwamba takriban asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi wangepata nafasi ya sekondari, ilhali shule ya msingi yote imepangwa kana kwamba kila mmoja anakwenda huko. Asilimia 87 waliobaki walitoka shuleni wakijiona wamekosa kitu walichokuwa na haki ya kukitamani. Kisha akaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kwamba hata lugha ya taifa zima ina lawama, kwa kuwa sote tunawataja watoto hawa kama walioshindwa kuingia sekondari, badala ya kusema tu kwamba wamemaliza elimu ya msingi. Alikuwa mwalimu kwa kazi, aliyefundisha Tabora na Pugu, na miaka minne kabla ya waraka huo alikuwa amechapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar. Kitenzi hakingempita hivi hivi.

Hotuba na nyaraka za serikali zilijaribu kumfuata. Miaka iliyofuata zilizungumzia "wahitimu wa darasa la saba" na "waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza". Vijijini watu walisikia, wakaitikia, wakaendelea kusema kafeli.

Mabadiliko ya vitendo yalikuwa makubwa zaidi. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, na darasa la nane likaondolewa ili msingi uishie la saba. Mtihani wa kuchuja darasa la nne ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 nchi ilijiondoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, ikaamua kwamba kila mtoto aingie shule upesi, na kufikia 1977 uandikishaji kwa wote ukaanza kutekelezwa. Ni miaka ileile watu wa Shinyanga walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari, wengi kwa kuswagwa. Shule, zahanati na ofisi ya kijiji vikajengwa pamoja. Mtoto wa Itilima ambaye babu yake hakuwahi kuona ubao alijikuta darasa la kwanza na wenzake themanini.

Sekondari, hata hivyo, hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Serikali ilichagua kuweka fedha chini ya ngazi na kuacha juu pawe pembamba, na kwa muda mrefu nafasi za sekondari za serikali zilitosha watoto wasiofika kumi katika kila mia. Kufeli, kulikokuwa kumeketi darasa la nne, kukapanda hadi la saba. Na nafasi hizo chache ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, ili Kilimanjaro na Bukoba zilizotangulia kwa shule zisichukue zote. Ulikuwa mpango wenye haki, lakini ulilifanya neno liwe la kipimo kinachobadilika: alama iliyomfelisha mtoto wa Moshi ingeweza kumpeleka sekondari mtoto wa Bariadi, na katika wilaya moja mstari wa msichana ukawa tofauti na wa mvulana. Darasa la saba likawa cheo, kisha likawa kejeli. Si kila mtu aliipokea kejeli hiyo kwa unyonge. Joseph Kasheku, Msukuma wa Geita aliyeingia bungeni mwaka 2015 na anayejulikana zaidi kwa jina hilohilo la Msukuma, amejitambulisha ndani ya Bunge kuwa ni mtu wa darasa la saba, tena kwa kujidai, na kuwatania wasomi kwa elimu yao.

Wakati serikali ikihangaika kuwafaulisha watoto, baadhi ya kaya za Usukuma ziligundua matumizi mengine ya kitenzi hiki.

Kwa sheria, mtoto aliyeandikishwa lazima amalize shule ya msingi. Mzazi akimtoa, mtendaji wa kata na polisi wanaweza kumfikia. Lakini mtoto aliyefika mwisho na kufeli ni huru, na mzazi wake ni huru pamoja naye. Mvulana anarudi kwa ng'ombe. Msichana anaolewa, na mahari ya Kisukuma hulipwa kwa ng'ombe wa kuhesabika. Hivyo ukazuka utaratibu ambao viongozi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, Simiyu ikiwemo, wameulalamikia hadharani mara kwa mara: usiku wa kuamkia mtihani mtoto anakalishwa na kuambiwa akaandike majibu ya uongo. Tangu mwaka 2012, mtihani wa darasa la saba ulipohamia kwenye fomu za kusomwa na mashine, kazi hiyo ikawa nyepesi zaidi. Mtoto huhitajika kusiliba, yaani kukijaza kwa penseli kiduara cha herufi anayoiona sahihi. Kusiliba kiduara kisicho chenyewe hakuhitaji akili nyingi, na hakuna msimamizi anayeweza kusema kwamba ameona kosa.

Kiswahili kikaunda neno la tendo hilo bila kamati yoyote: kujifelisha. Ni neno la kusikitisha, lakini sarufi yake ni ya kifundi. Kiambishi "ji" kinamfanya mtoto awe mtenda na mtendwa kwa pamoja, na wazazi hawaonekani popote ndani ya neno. Walimu waliligundua tatizo kwa njia rahisi, kwa kulinganisha: binti aliyeongoza darasa tangu la tatu anapata alama za mtu ambaye hakuwahi kushika kitabu. Sheria nayo ilikazwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Ukisoma sheria hizo sambamba unaona kwa nini kujifelisha kulikuwa na faida kwa mzazi mjanja: binti aliyefeli si mwanafunzi tena.

Kisha zikaja shule za kata. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulianza 2004, na baada ya Edward Lowassa kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa 2005, wilaya zilisukumwa kujenga kwa mwendo ambao haukuwa umewahi kuonekana. Wananchi walitoa mawe, mchanga, maji na siku zao za kazi, na kila kata ikaanza kuwa na sekondari yake. Watanzania, ambao hawachelewi kutoa majina, wakaziita shule hizo yeboyebo, kama ndala za plastiki za bei rahisi, na walimu waliopikwa kwa mafunzo ya wiki chache wakaitwa vodafasta, jina la huduma ya kuongeza salio haraka kwenye simu. Utani ulikuwa mkali kupita kiasi. Shule hizo ndizo zilizomfanya mtoto wa mchunga ng'ombe wa Itilima avae sare ya sekondari bila kupanda basi la kwenda Mwanza.

Kufaulu darasa la saba kukawa jambo la kawaida, na kufeli kukapanda tena ngazi. Sababu moja ni lugha. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, na nyumbani akisema Kisukuma, huingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia, historia na jiografia vimegeuka Kiingereza Januari moja. Mtihani wa kidato cha pili ukawa kizuizi kinachoogopwa. Na kidato cha nne pakatokea tukio ambalo limekuwa alama katika historia ya neno hili Tanzania nzima.

Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalitangazwa, na takriban watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata divisheni ziro. Hapo watu walianza kuuliza swali ambalo kitenzi kilikuwa kimelifunika tangu zama za darasa la nne: ni nani hasa aliyefeli? Magazeti yalisema serikali imefeli, wizara imefeli, walimu wamefeli. Kitenzi kikapandishwa kutoka kwa mtoto kwenda kwa wakubwa wake. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na Mei mwaka huo serikali ikafuta matokeo na kuagiza alama zipangwe upya. Ufaulu ulipanda, ingawa waliofeli bado walikuwa zaidi ya nusu. Mwishoni mwa Oktoba wizara ikaja na dawa ambayo Nyerere angeitazama kwa jicho la pembeni: ilitangaza kwamba divisheni ziro haitakuwepo tena, mahali pake patakuwa na divisheni ya tano. Nchi ilicheka, kisha ikakasirika, na viongozi wakalazimika kujieleza. Mwaka uliofuata divisheni zikawekwa kando, wastani wa pointi ukaingia, na mapema 2016 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, aliyewahi kuliongoza Baraza la Mitihani, akaamuru divisheni zirudi, ziro ikiwemo.

Simiyu ilichagua njia isiyogusa majina ya divisheni. Anthony Mtaka, Mkuu wa Mkoa kuanzia 2016 hadi 2021, alianzisha kambi za kitaaluma. Watahiniwa walikusanywa pamoja kwa wiki kadhaa kabla ya mtihani, walimu wanaojua vizuri somo fulani wakafundisha watoto wa shule nyingi kwa pamoja, na wazazi wakachangia mahindi na maharage. Mkoa uliokuwa ukitajwa chini ya orodha ya taifa ukapanda hadi kutajwa miongoni mwa inayofanya vizuri. Kambi zilikuwa na faida ya pembeni: binti aliyeko kambini usiku wa kuamkia mtihani hakalishwi na mtu jikoni.

Huku nyuma neno lilikuwa limeshatoka darasani na kuanza kurudia, pasipo kujua, kazi zake za kale za Ulaya. Lori likipinduka mlimani, taarifa ya polisi husema breki zilifeli. Hospitali husema figo za mgonjwa zimefeli, ingawa daktari makini bado atasema zimeshindwa kufanya kazi. Miradi hufeli, ndoa hufeli. Kufikia mwaka 2019 vijana wa mijini walikuwa na msemo wao, "unafeli wapi?", wa kumtania rafiki anayekosa jambo jepesi, na ukasambaa hadi kwenye vijiwe vya bodaboda vya Bariadi. Vyuoni neno likapata jamaa wa kufanana nalo: kusapu, kurudia mtihani wa somo lililokushinda, kurisiti, kukaa upya kwa mtihani mzima, na kudisko, kufukuzwa chuo kwa alama, neno linalomfanya mzazi asiyelijua adhani mwanawe amekwenda kucheza muziki.

Kuna mahali pamoja ambapo kufeli hakujaingia, na ni mahali ambapo fail la Kiingereza lilikuwa nyumbani tangu mwanzo. Mvua ikikosekana Zagayu, hakuna anayesema mvua imefeli. Mvua imekata, au imegoma. Mahindi yamekauka, pamba imekosa bei, ng'ombe wamekondeana. Mkulima ana msamiati wake wa hasara, uliokuwepo kabla ya shule, naye hajaona haja ya kuubadilisha kwa neno ambalo kwake bado lina harufu ya chaki.

Ngazi yenyewe sasa inajengwa upya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Darasa la saba, lililomchuja kila mtoto wa Itilima tangu darasa la nne lilipoacha kazi hiyo, linaondoka. Kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza shule ya msingi pamoja, na Januari inayofuata sekondari za kata zitatakiwa kupokea vikundi viwili kwa mpigo, kila kimoja kikihitaji madawati yake.